Sanduku Lako Limefundishwa Adabu

Shemeji Athumani,

Assalam aleikum. Nakutanguliza salamu kwa sababu nakujua: barua isiyoanza na salamu wewe huisomi, unaikunja unawashia jiko. Hapa Masoko hatujambo. Mvua zimenyesha vizuri na barabara zimeharibika vizuri vilevile. Dada yangu Zuhura, mkeo, ametoka eda salama. Na ile programu yako ya kompyuta ya kurusha barua kwa redio, uliyoiacha bila wosia, bila mrithi, na bila maelezo ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyafuata, nimeichukua mimi. Usicheke. Najua unacheka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ijumaa ile ulipojilaza baada ya chakula ukasahau kuamka, nyumba ilijaa watu. Kitu kimoja tu hakikujua kuwa umekufa, nacho ni lile sanduku lako la kompyuta, mle chumbani. Liliendelea kupokea barua za hewani kama kawaida. Shehe anaanza dua, linawika. Unaujua mlio wake, kama jogoo aliyebanwa mkia mlangoni. Shehe ananyamaza. Nalo linanyamaza. Shehe akirudia, linarudia. Watu wakaanza kutazamana. Bibi mmoja akanong'ona kwamba marehemu ana jambo hajalisema. Mimi nilikuwa nalia, Shemeji, lakini hapo nilijifunika kanga usoni kwa sababu nyingine.

Mtu wa kukurithi alikuwepo. Fundi Chinguile, rafiki yako wa Mitwero, mwenye kituo cha redio cha upande wa Lindi, alipanda basi kuja kuichukua kazi. Kufika, hawezi kuingia. Sanduku liko chumbani, na chumbani yuko Zuhura ndani ya eda, hatakiwi kuonana na mwanamume wa kando. Tukasema basi tulitoe sebuleni. Zuhura akasema kutokea kitandani, "Kitu cha mume wangu hakitoki humu mpaka nitoke mimi." Unamjua akisema.

Ikabidi Fundi apewe kiti nje ya dirisha, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani, na mimi nikaketishwa mbele ya kompyuta kwa kuwa mimi ni mdogo wa mjane na ni mwalimu wa hesabu. Ikawa hivi. Yeye anapaza sauti, "Bonyeza!" Mimi, "Nibonyeze nini?" Yeye, "Unaona nini?" Mimi, "Naona giza." Yeye, "Washa!" Mtaa mzima ulikuwa unafuata somo. Mpaka muuza samaki alitoa ushauri. Jioni Fundi alisimama, akajifuta jasho, akauambia ukuta, "Mwalimu, programu hii sasa ni ya kwako." Akaenda kusubiri basi.

Nilidhani nitaitazama tu isife. Nilikumbuka ulivyonieleza siku ile unafunga antena juu ya mnazi na mimi nimekushikia waya chini, roho mkononi. Ulisema kompyuta inaikata barua vipande vidogo, redio inavirusha vipande angani kimoja kimoja, na kila kipande kinabeba hesabu yake ili kikichakaa njiani kirudiwe. Ulisema pia kwamba aliyeitunga programu ni Mholanzi mmoja, alipopata mtoto na kazi mpya akatangaza hewani kwamba ameiacha, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, anayeitaka aichukue aitunze, asiiuze. Ukaichukua. Ilikuwa mwaka uleule shirika lililokuajiri lilipobinafsishwa wakakupunguza kazini. Zuhura alikuuliza, "Mtu umekosa kazi, unakwenda kutafuta kazi isiyo na mshahara?" Ukamjibu kwamba mtoto aliyeachwa njiani haulizwi ada. Alikununia, lakini siku hiyo alipika.

Basi nikafungua msimbo wako nisome. Shemeji! Wewe ulikuwa mtu wa namna gani? Mholanzi wa watu aliandika kwa utaratibu, mistari imenyooka kama watoto wa gwaride. Halafu wewe ukapita katikati na maneno yako. Mahali pamoja umeandika: "Hapa usiguse. Niligusa nikalia." Mbele kidogo: "Sijui kwa nini sehemu hii inafanya kazi. Alhamdulillahi." Na lile sharti kuu, linaloamua barua ipite au isipite, umelipa jina la ZUHURA. Nikasoma kwa sauti: "Ikiwa ZUHURA hataki, acha kila kitu." Dada akaniuliza kinachonichekesha. Nikamwambia ni hesabu.

Lakini kicheko kiliniisha siku ya mvua kubwa.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nimetoka shule nimelowa, nakuta sanduku linawika bila kupumzika. Kwenye kioo yanapita maneno yaleyale: "Umeingia kwa watu bila hodi. Rudi, salimu, uanze upya." Hilo ni sharti lako, Shemeji, uliloliongeza mwenyewe: barua isiyoanza na salamu irudishwe kwa mwenyewe. Nilizoea kuona linamrudisha mtu mara moja, anatia salamu, anapita. Safari hii lilikuwa linamrudisha mtu yuleyule, tena na tena. Nikatazama anatoka wapi. Ni zahanati ya masista, kule milimani mbele ya Kipatimu.

Sista Redempta si mtu wa kukosa adabu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimsifu, kila barua yake inaanza "Shikamoo Mzee Athumani", na mashine inamjibu "Marahaba, pita." Sasa amepatwa na nini? Kumpigia kwa sauti haiwezekani, maana waya wa kipaza sauti chake panya walikwisha kuula. Njia ni hiyo moja tu, na mlangoni kwake umesimama wewe na hodi yako.

Nikafungua msimbo nitafute orodha ya salamu ulizolifundisha. Nikaikuta. Shikamoo ipo, assalam aleikum ipo, hodi, hujambo, habari za asubuhi. Kisha orodha inakatika, na chini yake umeandika: "Bado salamu za Wakristo. Naitwa kula."

Nikamgeukia dada. "Siku gani ulimwita mumeo kula akiwa kazini?"

"Kila siku," akasema.

Sikuwa na wakati wa kucheka. Mvua inapiga bati, nikaenda kwenye lile sharti lako kuu, nikamuomba ZUHURA wa kwenye kompyuta radhi, nikamfuta. Nikawasha upya. Sanduku likawika mara moja, barua ikaingia.

"Tumsifu Yesu Kristo," ndivyo ilivyoanza. Alinieleza baadaye: aliona vibaya kumpa shikamoo mtu aliyekufa. Chini ya salamu: mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya, damu, gari lao limezama kwenye tope, leteni gari lolote, tunamshusha kwa machela mpaka barabara kubwa.

Nilitoka mbio na kanga moja. Lori lililokuwa karibu ni la Bwana Makame, yule mnunuzi wa korosho, mmoja wa hao waliokuja huku baada ya biashara kuachiwa huru. Msimu ulikuwa bado, lori limelala, naye amelala ndani yake. Nikagonga.

"Kuna mgonjwa milimani, wanaomba gari."

"Nani kasema?"

"Imekuja kwenye kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya marehemu Athumani."

Akanitazama. Akatazama upande wa makaburini. Akavaa kofia, akawasha lori, hakuuliza neno la pili. Nadhani mpaka leo anaamini wewe ndiye uliyemtuma. Sijamsahihisha. Maana alikwenda, Shemeji, kwenye tope lile, akamkuta yule mama barabarani chini ya turubai, akamfikisha hospitali. Mama yuko hai. Mtoto ni wa kike, ana kelele kama mashine yako. Walitaka kumpa jina kwa ajili ya yaliyotokea, wakamwita Salamu. Karani wa cheti alidhani wamekosea, akaandika Salama. Nyumbani wanamwita Salamu.

Nikakasirika nawe, sitaficha. Nikasema adabu gani hii ya kumzuia mtu mlangoni nyumba inaungua. Nikaitengeneza programu bila sharti la salamu, mtu anaandika haja yake anapita, nikairusha hewani kwa kila anayeitumia, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikadhani nimekomesha.

Malalamiko yaliyokuja!

Sikujua kama una watu wengi hivyo. Barua ya kwanza ilitoka kisiwa kimoja cha kaskazini ya mbali, kwenye baridi, wanakovua samaki kwenye barafu. Mwandishi, jina lake Anders, aliandika Kiingereza cha kujikongoja kama changu. Anasema wamekuwa na programu yetu muda mrefu. Kila asubuhi wazee wa pale wanaandika "shikamoo", mashine inasema "marahaba", ndipo wanauliza hali ya bahari. Hawajui maana yake. Walidhani ni neno la siri. Sasa mashine imeacha kuitikia, na wazee wanauliza kama inaumwa.

Nilimsomea Zuhura barua hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka akashika ubavu. Hebu fikiria, watu wamevaa ngozi za wanyama, ndevu zimeganda, wanakupa shikamoo wewe, Mmatumbi wa watu, bila kujua.

Nikamjibu Anders nikamweleza: shikamoo ni heshima, mdogo humpa mkubwa, na mkubwa huitikia marahaba. Nikaona nimefanya jambo jema. Jibu likarudi baada ya siku kadhaa limejaa moto. Anasema alipowatafsiria, mzee wao mkubwa kuliko wote alisimama na kuuliza: mimi nina wajukuu, nimevua tangu babu zenu hawajaoa, hilo sanduku lina umri gani hata nilisalimie mimi kwanza?

Barua hiyo pia nilimsomea Zuhura. Nikamtazama. Naye alikuwa amekwisha kuacha kucheka.

"Huyo mzee ana haki," akasema. "Mume wangu, Mungu amrehemu, miaka yote hii anawafanya watu wazima waliamkie sanduku. Sanduku ni mtoto. Liamkie lenyewe."

Yaani kosa lako, Shemeji, ni kwamba msimbo wako wote wa adabu ulikuwa kichwa chini miguu juu. Na aliyeliona ni mkeo, ambaye hakuwahi kuligusa sanduku hilo, aliyekuwa akiliita mke mwenza, na kulifunika kwa kitambaa ukisafiri ili lisimtazame.

Nikarekebisha. Sasa hivi mtu yeyote akifika, mashine ndiyo inatangulia: "Shikamoo." Ukipenda unaitikia, ukiwa na haraka unapita na shida yako, haikuulizi kitu. Sista Redempta anaitikia "Milele amina" kwa mazoea, nayo inampisha. Anders ameniandikia kwamba yule mzee wao siku hizi anafika mapema kuliko wote, anakaa, anaamkiwa, anasema marahaba yake, anakwenda zake, hata hali ya bahari haulizi.

Siku Zuhura alipotoka eda alioga, akavaa, akasema tulitoe sanduku sebuleni. Tulipomaliza kuunganisha waya akavuta kiti. "Niwashie," akasema. Nikamwashia. Neno likatokea kwenye kioo: "Shikamoo." Akatafuta herufi kwa kidole kimoja, polepole, mimi nimesimama nyuma yake, sithubutu kumsaidia. Akaandika marahaba. Kisha akaandika, "Mwenyewe hayupo." Akakaa tu, mikono mapajani, machozi yanashuka bila sauti. Nikatoka nje nikaanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Tangu hapo yeye ndiye anayepokea barua za mchana, mimi nikiwa shule. Amejifunza haraka. Anawagombeza watu wa Lindi wakiandika ovyo. Lile jina lake nimelirudisha, sasa kwenye sharti la kuamkia, na safari hii amelisoma kwa macho yake. Alisema tu, "Hm." Lakini kesho yake alinipikia wali.

Shemeji, nimechoka kuandika na madaftari ya wanafunzi yananisubiri. Nakuahidi jambo moja. Programu hii sitaiacha njiani. Nitaitunza kadiri ninavyoweza, na siku nikishindwa sitatangaza hewani kwamba nimeitupa, nitamtafuta mtu, nimkalishe, nimwoneshe pale pa kugusa na pale pa kulia. Maneno yako uliyoyaacha humo ndani yote yapo.

Mola akupe kauli thabiti na akupanulie kaburi. Zuhura anakusalimu sana. Anasema bado amekukasirikia kwa kuondoka kabla ya kuezeka jiko kama ulivyomwahidi. Usihangaike huko ulipo. Jiko tumeliezeka wenyewe, yeye juu, mimi chini namrushia makuti. Mvua ya jana ilikuwa kubwa. Halikuvuja.

Wako mdogo wa mkeo,
Mwanahawa