Mbeta ya Ukutani

Jumanne, Kichiwa.

Eti kichwa hushangilia pombe kabla mdomo haujaonja! Kaniambia Tumsifu, mjukuu wangu anayesomea mambo ya ubongo. Dopamini, kemikali ya raha kichwani, inapanda ukiona tu chombo.

"Babu, hiyo mbeta ya kukingia ulanzi hapo ukutani ndiyo inakuita."

"Mbona bibi yako ananiita kila siku na siendi?"

Bibi yake akacheka. Mimi nilikuwa nimeshameza mate.

Daktari wa Makambako alisema ini langu halihimili tena hata kikombe. Leo siku ya tisa sijaonja, na naogopa, sifichi.

Basi nimeitungua mbeta, nikaipasua, nikaichochea jikoni. Mwanzi ule mkavu umeivisha ugali vizuri. Nimekula mara mbili. Sasa iniite kutoka tumboni.