Nilivyoshusha Kontena Zima

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, ingawa umekawia kuniamkia. Huku Msimbazi tu wazima, babu yako tu anakohoa na dawa hataki.

Unauliza kama huko Mbeya uagize kontena zima peke yako au uendelee kuchangia na wenzio. Mimi nilichangia na wanawake wa Mchikichini miaka mingi. Kontena la mitumba likifika haitwi mtu. Kila mmoja ana marobota yake ndani, tunashushiana.

Siku nilipopata langu zima, nikavimba kichwa. Likafika wingu limetanda, wenzangu siwaoni. Dereva akafoka, “Mama, shusha au naondoka nalo.” Tukashusha mimi na yeye, mvua ikayakuta marobota barabarani. Nguo zikaota ukungu.

Nikamfuata Mama Neema, mmoja wa wale niliokuwa nachangia nao. “Mbona mmeniacha?”

“Si kontena lako mwenyewe? Tukajua una watu wako.”

Watu gani, Salma? Nilidhani ni wao. Mpaka leo sielewi nani alimkosea mwenzie.

Agiza zima, sikukatazi, kiburi umekirithi kwangu. Ila kabla halijafika, nenda ukawaambie wenzio kwa mdomo wako kwamba unawahitaji. Mimi nilishindwa.

Bibi yako, Msimbazi