Makande ya Posa na Chumvi ya Bwana Mawe

Vudee, Upare
16 Septemba 1951

Kwa kaka yangu mpendwa Naftali,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Lydia na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mama anakusalimu sana. Mguu bado unamuuma akishuka mteremko, lakini ukimwambia apumzike anakununia. Mtoto wangu mchanga ameanza kucheka. Migomba inastahimili kiangazi. Hayo ndiyo mema. Yaliyobaki yananitia kichefuchefu, na nakuomba ukae chini uyasome yote mpaka mwisho, hata wakikuita kazini.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba mzee Simeoni amekuletea habari kuwa mdogo wetu Rogathe alimlisha sumu yeye na jamaa zake walipokuja kumposea mwanawe, na kwamba wewe, kwa kuwa baba hatunaye tena, utapanda treni mwisho wa mwezi uje na mbuzi dume wa kuomba radhi. Kaka, usilete mbuzi. Ukimtoa mbuzi huyo utakuwa umekiri kwamba nyumba yetu inaua watu kwa chakula, na hakuna atakayekula tena mkononi mwa Rogathe, wala mwa binti zangu, wala mwa binti zako watakaporudi nyumbani. Simeoni hakukuambia yote. Mengine hakuyajua wakati ule, na sasa anayajua na anayameza.

Unalikumbuka lile jabali lililoinama upande wa machweo, njia ya kushukia Makanya, ambako mbuzi walikuwa wakijikinga mvua. Kiangazi hiki alikuja Mzungu wa kupima mawe, watu wakamwita Bwana Mawe, akapiga hema kule Same. Aminiel mwana wa Simeoni, huyo huyo mchumba wa Rogathe, akaajiriwa kumbebea mizigo. Chini ya jabali, pale mvua isipofika, Bwana Mawe alikuta chumvi imeota kwenye mwamba, nyuzi nyuzi, kama pamba iliyochambuliwa. Asubuhi kukiwa na ubaridi inang'aa kama kioo. Ukiishusha Same kwenye joto lile, inapauka, inakuwa nyeupe tupu na kuvunjika unga. Mvua zikianza na ukungu ukaingia mle ndani, inayeyuka yote, unakuta mwamba mtupu. Sisi tuliozaliwa hapa tulipita chini yake miaka yote bila kuinua uso. Yeye aliifurahia mno, akaikwangua kwa kisu na kuifungia kwenye makopo.

Sasa siku ya posa. Desturi yetu unaijua: watu wa upande wa mume hula makande aliyopika binti mwenyewe, na sahani ya kwanza haibaki hata punje, maana kubakiza ni kumkataa binti. Rogathe aliinjika chungu alfajiri. Akatia magadi ili maharage yalainike, magadi ambayo aliniambia alinunua kwa mama mchuuzi aliyepanda kutoka Makanya. Maharage yakagoma. Akaongeza magadi, yakazidi kugoma. Nilionja mchuzi, nikakuta uchungu na ubaridi wa ajabu ulimini, nikadhani ni moshi umeingia chunguni. Nikamwambia aongeze tena kidogo. Jua likawa utosini, wageni wakaanza kukohoa kohoa kule uani kwa njaa, ikabidi tupakue.

Walikula, kaka. Meno yalikuwa yanasikika mpaka jikoni. Hakuna aliyethubutu kubakiza, na Simeoni, kwa kutaka aonekane mkwe mwema kuliko wakwe wote wa Upare, alisifu mapishi na kuomba sahani ya pili.

Kilichofuata naandika huku nimekunja uso. Hawajamaliza sala ya kushukuru, mmoja akainuka, wa pili akamfuata, na choo chetu unakijua ni kimoja. Wazee wenye makoti na tai walikimbilia migombani wakisukumana. Shangazi yao mnene alikwama kwenye ua. Simeoni, mwenye sahani mbili tumboni, hata migombani hakufika. Mimi ndiye niliyezoa, kwa jembe na majivu, pua nimeifunga kwa kitambaa, na mpaka leo nikiona maharage nageukia upande mwingine. Lakini wote walipona, tena upesi. Kinyaa hicho kilikuwa kidogo kuliko kilichokuja baadaye.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Simeoni alisimama nje ya kanisa na uzee wake wa usharika akatangaza kwamba ametiliwa sumu na watoto wa marehemu baba yetu. Aminiel alisimama ubavuni mwake, anakwangua udongo kwenye kiatu, hakuinua kichwa. Tangu siku hiyo Rogathe akimtwika mwenzake mtungi pale chemchemini, mwenzake anasogea mbele kidogo na kuyamwaga maji. Ndizi alizompelekea Esta, jirani yetu aliyejifungua, zilirudishwa zimefunikwa vilevile. Na mama mkwe wangu mimi, anayelala chini ya paa langu, aliumwaga uji ambao Rogathe alimpikia mwanangu, akausugua mwiko kwa mchanga. Ningefungua mdomo ningemtukana, na ni mkwe.

Basi nikaenda kwa Simeoni kumwomba ayafute maneno yake. Aliniketisha chini karibu na zizi la mbuzi, ambako Aminiel alikuwa anakata majani, hata maji hakunipa. Nikiwa hapo akatokea Bwana Mawe mwenyewe, jasho linamtoka, anatafuta kopo lake moja lililopotea. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kwamba chumvi ile ina maji ndani yake ingawa mkononi ni kavu. Kwenye ubaridi inayashika yote. Kwenye joto inaachia kiasi na kugeuka chumvi nyingine, tena adimu, ambayo maishani mwake ameikuta mahali pachache mno. Na ukiiacha kwenye unyevu inayanywa tena maji na kurudi ilivyokuwa, ndiyo maana aliifungia kwenye kopo.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwuliza kama ni chungu na kama inatia ubaridi ulimini. Akageuka kunitazama, akataka kujua nimeijuaje. Nikamweleza habari za chungu chetu. Kaka, yule mtu alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema ile ni haluli, ndugu wa chumvi wanayopewa zahanati watu waliofunga choo, na kwamba haiwezi kulainisha maharage, inayakaza. Wala si sumu. Nilitaka kumshika mikono nimshukuru. Kisha kicheko kikamwisha, akauliza kopo limetokaje hemani kwake mpaka chunguni Vudee, na akamtazama Aminiel, mbeba mizigo wake.

Aminiel hakupepesa hata jicho. Alisema Rogathe alikuwa akienda hemani kuuza mayai, huenda ndiye aliyelichukua.

Mwezi ule wote Rogathe alikuwa kwangu anafua nepi za mtoto. Same hakushuka hata mara moja, na kuku hana. Nilisema hivyo, lakini Bwana Mawe alikuwa ameshachoka na sisi. Alisema hatampeleka mtu polisi kwa ajili ya kopo la chumvi, akataka kilichobaki tu. Alinifuata mpaka nyumbani, nikampa kidogo kilichokuwa kimesalia jikoni, akakifunga kwenye karatasi na kushuka zake Same bila hata kuaga vizuri.

Nikamkuta Rogathe anachekecha unga, nikamweleza. Akaniuliza kama kweli alisema mayai. Nikamwambia ndiyo, mayai. Aliendelea kuchekecha mpaka unga ukaisha, ndipo akanieleza. Ile chumvi alipewa na Aminiel pale chemchemini, imefungwa kwenye jani la mgomba. Aminiel alijigamba kwamba ni magadi bora ambayo Mzungu anajifichia mwenyewe. Rogathe akapokea, ingawa anajua fika kwamba binti aliyeposwa hapokei kitu mkononi mwa mchumba kabla wazee hawajala. Habari ya mama mchuuzi aliitunga kuficha hilo. Na baada ya wazee kuharisha, Aminiel alikuja nyuma ya ua akilia, akamsihi anyamaze asije akafungwa kwa wizi, akaapa kwamba wakishafunga ndoa atamsafisha jina. Mdogo wetu akakubali kuitwa mwenye sumu kwa ajili ya kijana huyo. Nilichukizwa na Aminiel, na nakiri nilichukizwa na yeye pia, nikamwambia hivyo usoni, halafu tukalia wote wawili.

Kesho yake Simeoni alikuja nyumbani na mwanawe, wote wanatabasamu. Alisema kwa kuwa si sumu bali ni wizi tu, yeye kama Mkristo amesamehe. Mbuzi aje tu kwa ajili ya kupatana, na harusi iendelee, maana mke aliyewahi kusamehewa huwa mnyenyekevu. Mbele ya mama nikamwaga habari yote ya chemchemini. Aminiel hata hakukana! Alisema kama binti alipokea kitu mkononi mwake kabla ya wakati, aibu ni ya binti. Simeoni akamtazama mwanawe muda mrefu, nikaona ameelewa kila kitu. Nikangoja. Akajikohoza, akarudia kwamba amesamehe, na kwamba mbuzi awe dume.

Wakati huo Rogathe akatoka jikoni na uji kwenye vibuyu viwili, akawawekea wageni kama adabu inavyotaka, akasimama kungoja. Hakuna aliyegusa. Akawaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtu asiyeweza kula chakula chake hawezi kumwoa, basi waende. Akavichukua vibuyu vyote viwili akanywa mwenyewe mbele yao, taratibu, mpaka tone la mwisho, nao wakaondoka.

Ungedhani watu wangempa heshima. Wapi! Habari ya kupokea mkononi imeenea, na sasa wanawake waliokuwa wanaogopa sumu wanajidai wanachukia uhuni, na maji bado wanamwaga. Mama ameacha kwenda kanisani.

Kaka, nimekuficha jambo moja mpaka hapa, kwa sababu nilitaka usome kwanza. Jirani yetu Lukasi, aliyekukabidhi barua hii, hakusafiri peke yake. Rogathe amekuja naye kwa treni, na sasa hivi yuko kwenye benchi la stesheni hapo Mombo na mzigo wake mdogo. Amekataa kuja mpaka nyumbani kwako. Amesema hatakanyaga kizingiti chako kabla hujajua yote na kuamua mwenyewe, na ukiona huwezi, Lukasi atarudi naye kwa treni ya jioni, wala hatakulaumu.

Kamchukue. Usimwulize neno njiani, amechoka kuulizwa. Mkifika, mwombe wifi Lydia ampishe jikoni, na chochote atakachopika, kaka, ukile nje, mbele ya majirani, umalize, na uombe sahani ya pili.

Mama anawabusu wajukuu wake, na shemeji yako Eliezeri anakusalimu. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Eliwaza