Maharage Hayaivi Bila Redio

Wifi Tabita,

Wewe umelala, mimi sikai. Tangu tukuzike naamka, nashika ufagio, nafagia nusu ya uwanja, nauacha. Nakwenda kwenye vyombo, nasugua sufuria moja, vingine naviacha. Wajukuu wananikimbia, wanasema bibi ana miiba. Nyumba chafu, mimi ambaye hapa Mpemba watu wote wananijua kwa usafi! Na wa kulaumiwa ni kaka yako.

Tuliporudi makaburini, mume wangu huyo aliichomoa redio kwenye umeme, akaifunika kitenge, akaipandisha juu ya kabati. Akasema hakuna muziki humu mpaka ukoo ukae tuondoe matanga. Nikamwachia, maana aliyekufa ni dada yake. Lakini yeye hajawahi kupika. Hajui kwamba tangu uhamie kwetu baada ya kufiwa na mumeo, jikoni hatukuwa na saa. Saa yetu ilikuwa albamu. Ile ya kwaya ya ng'ambo ya mpaka, inayoimba lugha ya Kinamwanga, ikianza tunabandika maharage. Ikiisha tunairudia. Ukifika tena ule wimbo wa wanaume wa besi, tunatia chumvi. Ile ya vijana wa Mbozi, ya kinanda, ilikuwa ya kufua tu. Mtu akiifungulia wakati tunapukuchua mahindi ulikuwa unafoka: "Nani ananifulisha saa hizi?"

Sasa juzi wazee wametoka Msangano kutupa pole. Nikabandika maharage kwenye ukimya. Nikakaa, nikainuka, nikakaa, nikaona yamekaa sana motoni, nikaepua. Wifi, yalikuwa mawe! Wazee wa watu wanatafuna kwa adabu, na meno yenyewe ya kutafuta. Mmoja akasema, "Mama, maharage yako yana nguvu." Mimi niambiwe hivyo! Wewe ungecheka mpaka ukae chini, mjinga wewe.

Leo asubuhi kaka yako akaenda shambani. Nikapanda stuli na magoti yangu haya, nikaishusha redio, nikachomeka ile flashi ya nyimbo zetu. Nikaweka ile ya kufua, nikaloweka shuka zako. Wimbo wa tatu, pale ulipokuwa unaingia kuimba nao kwa sauti yako ya juu, ile ya kukwaruza, niliyokuwa nakwambia itawafukuza kuku wetu... hukuingia. Kwaya nzima inaimba, lakini pale pako patupu. Nikasugua shuka moja mpaka ikataka kuchanika. Sikulia. Povu lilinirukia machoni.

Sikumsikia akirudi. Nainua uso, kaka yako huyo kasimama na jembe begani. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Nafua. Sichezi." Akaketi kwenye kizingiti, jembe akalilaza miguuni. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Akatazama shuka zako nilizokwisha kuanika kwenye kamba. Akasema, "Punguza."

Wifi, umesikia? Kasema punguza. Hakusema zima.

Basi nakuahidi: nyumba hii itafagiliwa yote, na mgeni hatatafuna mawe kwangu tena. Pale pako kwenye wimbo wa tatu nitaingia mimi, na sauti yangu mbovu kuliko yako, na usinisahihishe. Wewe pumzika, ulifua vya kutosha. Kesho nafua mablanketi, kazi ya wawili naifanya peke yangu.

Na sitapunguza.

Wifi yako,
Mama Atupele