Tairi ya Tubeless kwa Pijo ya Theuri

Nderitu, uko? Weka chai chini kwanza. Nimetoka gereji ya Karatina saa hii, masikio bado inalia.

Huyu Theuri wetu amepeleka ile gari yake Pijo ya mwaka wa sitini na nane iwekwe tairi ya tubeless, ile haina tubu ndani, kwa ringi zile zile za zamani. Fundi Mburugu akamwambia, "Mzee, hii ringi imeshikanishwa na misumari ya ribiti, upepo itatoroka hapo. Wacha tuweke tubu ndani."

Theuri akakataa kabisa. "Tubu ni ya mkokoteni! Kwani nimekuja na mkokoteni?"

Wakajaza upepo, ikatoka yote. Theuri akafura. Akachukua petroli mwenyewe, akamwaga ndani ya tairi, akawasha kiberiti kabla Mburugu atoe mkono. Ati ndio tairi iruke ishike ringi, vile watu wa malori hufanya!

Ikalipuka, Nderitu! Ringi ikapasua mabati ya juu, ikarudi chini. Mkono ya Mburugu imevunjika mara mbili. Nimeona mfupa. Mfupa, Nderitu!

Tukiwa tunampakia kwa pikapu aende hospitali, bibi ya Mburugu, Kanana, akafika, akaokota spana ya magurudumu. Kioo ya mbele, pwaa! Taa, pwaa! Na hiyo Pijo, Theuri hajawahi kukubali hata kuku iipande.

Theuri akainua mkono amzuie. Halafu akasikia Mburugu akilia kwa pikapu, akaushusha pole pole.

"Kioo ya nyuma bado, mama," akamwambia.