Kidole Kilichokataa Kuachia

Jumatatu, 13 Januari
Nimekata suruali nne za shule, kidole cha kati kikabaki kimejikunja kwenye mkasi. Nimekivuta kwa mkono wa kushoto. Kikafyatuka, ta! Wiki ya tatu hii. Mama Zuhura hajui, na asijue. Ijumaa namwozesha Zuhura, binti yetu wa pekee, na mkono wa mkwe nitaushika mimi baba mzazi. Si mdogo wangu Shomari. Yeye anataka nimwachie kazi hiyo kwa sababu tu kanunua koti jipya.

Jumanne, 14 Januari
Mke wangu ameona. Kikombe kimegoma kutoka mkononi. Yeye kasema jini. Shomari kasema uzee, akaenda kulijaribu koti. Nimekandwa kwa mafuta ya karafuu. Nanukia pilau, kidole vilevile.

Jumatano, 15 Januari
Zahanati, Kerege. Daktari, binti mdogo, kasema si jini wala nini. Kidole kina kano, linapita ndani ya ala yake. Langu limevimba, linakwama mlangoni. Nikamwambia, kumbe ni kamba ya suruali yenye fundo, haipiti kwenye upindo. Akafurahi. Kisa ni kubana mkasi miaka thelathini. Kanichoma sindano kiganjani. Nimelia, yatosha. Itachukua siku kadhaa kufanya kazi, na nisikamate kitu kwa nguvu. Nimeitikia. Ya Ijumaa sikumwambia.

Alhamisi, 16 Januari
Nimejizoeza kwa mpini wa mwiko. Mara saba kimeachia, ya nane kimegoma. Shomari kapita kuuliza hali yangu, koti mwilini. Nimemfukuza. Naogopa.

Ijumaa, 17 Januari
Nimemshika mkwe mkono, nimetamka yote bila kukosea. Kijana akasema amekubali. Kidole hakikukubali. Dua ikasomwa, tende zikapita, mimi bado nimemng'ang'ania. Shehe akakohoa. Mkwe jasho linamtoka. Akaniinamia.
"Baba, nitamtunza. Naapa nitamtunza."
Msikiti mzima ukaanza kujifuta macho. Shomari kalilowesha koti lake kwa machozi. Nami nikalia, na hapo sikulia kwa ajili ya kidole. Sikutaka kumwachia Zuhura wangu, huo ndio ukweli. Kisha, ta!

Jumamosi, 18 Januari
Mkwe kapiga simu, kauliza kwa adabu kama ile ni desturi ya kwetu. Nimemwambia ndiyo.
Kidole kimeamka kimenyooka. Mama Zuhura kapanga vikombe vitatu vya chai, kwa mazoea. Kimoja nimekirudisha kabatini mimi mwenyewe.