Zeze Lililonyamaza Kisimani

Mzee Ngassa Mashimba, Bariadi. Alifariki Agosti 1996.

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze pembeni ya shamba lako la pamba na kulitundika zeze lako ukutani. Mama Nyanjige hulifuta vumbi kila asubuhi. Hakuna aliyelipiga.

Hukuwa tajiri, na mwendo wako ulikuwa wa kinyonga. Tukikuharakisha kwenda mnadani ulijibu, "Kwani ng'ombe wana saa?" Lakini kila mara ng'ombe walipoibwa na sisi Wasukuma tukashikana mashati na Wataturu, ni wewe uliyekwenda na zeze lako kwenye kisima cha upande wa Mwanhuzi. Fimbo ziliwekwa chini. Ulianza na wimbo wao, kwa lugha yao, nao wakicheka matamshi yako. Wa kwetu ulifuata baadaye. Ndivyo dada yetu Kwandu alivyoolewa kule kwa amani, na mama akawa anakwenda kumwona kila baada ya mavuno.

Ulipoondoka, ng'ombe wakaibwa tena, njia ikafungwa. Mama akasema, "Nipelekeni tu nikamwone mwanangu." Kaka Paschal alikuwa na redio ya kaseti, aliyoinunua wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia. Akaibeba, pamoja na kaseti aliyokurekodi.

Kisimani fimbo ziliwekwa chini kama zamani. Kumbe Paschal hakuigeuza kaseti upande wenye wimbo wao. Sauti yako ikaanza na wimbo wetu, ule wa kujisifu kwamba ng'ombe tuliwarudisha kwa mikuki.

Mzee wao alisikiliza, kisha akainama kuokota fimbo yake. "Sauti ni ya Ngassa," alisema. "Adabu si yake."

Wakaondoka. Kwandu alikuwa ng'ambo ya kisima, mtoto mchanga mgongoni. Alimwita mama mara moja tu, "Mayu!" kisha akavutwa mkono. Mama alibaki amesimama mpaka vumbi lao likatulia.

Tumetuma wazee, tumemtuma padri. Haikusaidia, na tumaini limetuishia, tusikufiche. Miaka yote tulikusikiliza, wala hatukujifunza hata wimbo mmoja wa kwao. Majuto ni mjukuu, watu hutuambia, na mama akiisikia methali hiyo huinuka akaenda jikoni.

Unakumbukwa na mkeo Nyanjige. Wanao Paschal, Lucy na Maganga. Ndugu zako wa Ipililo. Hatutakusahau siku zote za uhai wetu. Anakukumbuka pia Kwandu, pamoja na mtoto wake, ambaye jina lake hatulijui.